Moyo wa filamu yetu ilikuwa saa ya ukutani

Mi hadithi za kutisha za Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, nazipenda tangu nasoma shule, na ile ya "The Tell-Tale Heart" ya 1843 ndo iliyonikaa kichwani zaidi, jamaa anamuua mzee kisa jicho tu, anamficha chini ya mbao za sakafu, polisi wanakuja wanakaa hapo juu yake, halafu moyo unaanza kudunda. Ndo tukaamua kuifanya filamu. Poe alifariki 1849 kwa hiyo haki miliki ilishaisha zamani, hakuna wa kuombwa ruhusa. Halafu karibu yote inatokea ndani ya nyumba moja, kwa watu wasio na bajeti hiyo ni bahati kubwa.

Kilichonisukuma ni mashabiki wa Marekani wa Lovecraft, mwandishi mwingine wa hadithi za kutisha, waliotoa filamu ya hadithi yake "The Call of Cthulhu" mwaka 2005, wakaifanya bubu, nyeusi na nyeupe, kama filamu za miaka ya 1920 hadithi ilipoandikwa, hivo vitu vya kuunga unga vikaonekana ndo vyenyewe. Akili sana ile.

Sisi tulikuwa wanne, simu moja na tochi. Ule mwanga mwembamba unaomulika jicho la mzee tuliupata kwa kuziba tochi na karatasi ngumu nyeusi tukaichana mstari mmoja kwa wembe, ila kila tukizima taa simu inajiongezea mwanga yenyewe picha inajaa chenga, mpaka nilipogundua ukibonyeza skrini ukashikilia, kipimo cha mwanga kinajifunga hakibadiliki tena.

Sasa moyo ndo ulitutesa. Nilipakua sauti za mapigo nyingi tu, zote za kihospitali, hazitishi. Nikarudi kusoma hadithi, kumbe Poe mwenyewe keshasema, mlio kama wa saa iliyofungwa kwenye pamba! Nikachukua saa ya ukutani nikaiviringishia pamba, nikaiweka kwenye boksi la mbao na simu juu yake, nikarekodi. Kwenye kuhariri nikashusha spidi nusu, tik ikawa dum nzito, nikaikata vipande nikawa navisogeza vikaribiane kadiri wale polisi wanavyozidi kukaa. Muziki wote nikautoa.

Siku ya kuwaonyesha washkaji tulizima taa. Ilipofika pale jamaa anapiga stori na polisi huku mlio unapanda, dada mmoja kwenye kochi akanyanyua miguu yake kutoka sakafuni, taratibu, akaikumbatia mpaka mwisho.