Kiongozi akitoka nje

Nilipoingia chuo, kiongozi kwangu alikuwa mtu mwenye sauti. Shuleni nilikuwa nimezoea kiranja mkuu anayenyamazisha ukumbi mzima kwa kikohozi kimoja, tukimheshimu au tukimwogopa, enzi zile sikuona tofauti. Kwa hiyo tulipochagua kiongozi wa darasa mwaka wa kwanza, kura yangu ilikwenda kwa kijana aliyejinadi vizuri kuliko wote. Akashinda kwa kishindo.

Na alichapa kazi kweli, nisimdhulumu. Namba za wahadhiri alikuwa nazo yeye. Ufunguo wa kabati la projekta, yeye. Nywila ya barua pepe ya darasa, iko kichwani mwake. Ukiwa na shida unampigia, na papo hapo imetatuliwa. Halafu akaugua, akalazwa. Siku hizo hizo mhadhiri mmoja akaiwahisha saa ya jaribio, taarifa ikaingia kwenye barua pepe ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuifungua, na nusu ya darasa tukafika wenzetu wakikusanya karatasi. Hakuna aliyemlaumu. Mtu yuko kitandani, utamlaumu vipi? Lakini nilianza kujiuliza kama tulikuwa na kiongozi au tulikuwa na mlango mmoja tu wa kupitia.

Muhula uliofuata, kwenye saikolojia ya jamii, tukasoma utafiti wa Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, uliochapishwa Marekani mwaka 1939. Watoto wa kiume wa miaka kumi hivi waliwekwa kwenye vilabu vidogo vya kazi za mikono, wakitengeneza vinyago vya uso na vitu kama hivyo. Kiongozi wa aina moja alitoa amri, hatua kwa hatua, bila kuwaambia kinachofuata. Wa aina nyingine alijadiliana nao. Wa tatu aliwaacha wafanye wapendavyo. Mtihani wetu uliuliza mitindo hiyo mitatu, nami niliikariri kama wenzangu. Kilichonikaa ni kitu kingine: watafiti walikuwa wakimtoa kiongozi nje kidogo kisha wanaangalia. Akiwepo, watoto wa amri waliinamia kazi hata kuwazidi wale wa majadiliano. Akitoka, kazi yao ilizorota vibaya, ilhali kwa wale wa majadiliano ilisonga karibu vilevile.

Najua, wale walikuwa watoto, na vilabu vyenyewe vichache. Siwezi kujenga imani nzima juu yake. Ila tangu siku hiyo nikimwona mtu anasifiwa uongozi, macho yangu yanatafuta waliomzunguka wanaweza nini bila yeye. Hata Mandela nilianza kumtazama hivyo. Aliondoka madarakani mwaka 1999 baada ya muhula mmoja, na katiba ilimruhusu wa pili. Zamani niliona unyenyekevu tu. Sasa naona pia kwamba naibu wake, Thabo Mbeki, tayari alikuwa akiendesha sehemu kubwa ya shughuli za kila siku za serikali. Kuondoka kulikuwa kumeandaliwa.

Mwalimu wangu wa karibu zaidi, hata hivyo, ni msichana mmoja wa kikundi chetu cha utafiti. Hakuwa mwenyekiti, aliandika kumbukumbu za vikao. Kabla hatujatawanyika alisoma kwa sauti nani anafanya nini, kisha daftari anamkabidhi mtu mwingine aandike kikao kijacho. Mazungumzo yakipamba moto alikuwa na tabia ya kumgeukia aliyekaa kimya: "Wewe hujasema. Unaonaje?" Tulipofika kwenye takwimu, yeye ndiye pekee aliyeijua ile programu. Angeweza kumaliza peke yake usiku mmoja. Badala yake akatukalisha kila mmoja mbele ya kompyuta, tunabofya pasipostahili, yeye kakunja mikono. Nilikereka sana. Muda ulikuwa unatukimbia! Lakini mhadhiri alipoanza kutuhoji kuhusu majedwali, alichagua mtu ovyo ovyo, na kila aliyechaguliwa alijibu. Mwishoni akampongeza mwenyekiti kwa kuongoza vizuri. Yule msichana akapiga makofi pamoja nasi.

Hapo ndipo panaponisumbua. Uongozi wa namna hii haukulipi sifa, na mimi napenda sifa.

Mwaka huu nagombea uongozi wa darasa. Ahadi yangu ya kwanza ni nywila na funguo kuwa mikononi mwa watu watatu, na wenzangu wamenicheka: "Sera ndiyo hiyo?" Nimemwomba yule msichana awe naibu wangu. Amekubali kwa sharti moja, kwamba tukifika nusu ya mwaka tubadilishane, yeye aongoze mimi niwe naibu. Bado sijamjibu.