Baiskeli moja ya mashindano na ya safari ndefu: nilivyoipata

"Mshika mbili moja humponyoka." Methali hiyo nimeambiwa na karibu kila niliyemwomba ushauri nilipotaka kununua baiskeli ya barabarani. Nilitaka moja tu: wiki hii nishindane nayo Arusha hadi Moshi, kilomita kama 80 za kukimbizana, na wiki nyingine niende nayo Karatu, zaidi ya kilomita 140, nifike shingo ikiwa bado inageuka. Wote walisema nichague upande mmoja, au ninunue mbili. Leo ninayo moja, inafanya kazi zote mbili, na inaniudhi kuona vijana wanaoanza wakipewa ushauri ule ule na wengine wakikopa hela ili wanunue ya pili.

Ushauri mbaya kuliko wote ulitoka kwa rafiki ninayemheshimu, ndiyo maana nilikubali kuujaribu. Aliniazima baiskeli yake ya kaboni, ya mbio hasa: usukani uko chini sana, tairi za milimita 23 zimejazwa presha 110 mpaka ukizigonga kwa ukucha zinalia kama kigae. Akasema, "Nenda nayo Makuyuni urudi. Mwili utazoea." Kutoka mjini hadi Kisongo nilipaa, nakiri, ile baiskeli inaitika kila ukikanyaga. Tatizo likaanza kwenye rasta, ile mistari iliyoinuliwa barabarani kabla ya matuta ya kila kijiji. Tairi nyembamba yenye presha kubwa haimezi kitu. Kila mstari unapanda kwenye foku, ile uma inayoshika gurudumu la mbele, unaingia kwenye usukani, unatua kwenye kiganja. Kufika Meserani vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa na ganzi. Nilibadilisha mshiko, nikashika juu, nikashika pembe za chini, nikakung'uta mikono, wapi. Ukikaa umeinama kupita kiasi uzito wote unahamia mbele, na chini ya kiganja upande wa kidole cha mwisho unapita mshipa wa fahamu unaolisha vidole hivyo viwili. Unaukandamiza saa nne mfululizo halafu unaambiwa utazoea! Nilirudi mjini nikiendesha kwa viganja vilivyofunguliwa, breki navuta kwa vidole viwili vilivyobaki na uhai. Kesho yake asubuhi nilishindwa kufunga vifungo vya shati, nikafungiwa.

Mshipa wa fahamu haufanyiwi mazoezi kama paja. Anayekwambia utazoea, muulize yeye anakaa muda gani juu ya baiskeli bila kushuka.

Upande wa pili walikuwepo waliosema baiskeli zenye usukani wa juu ni za wazee na watalii. Hapo nilisoma historia ya baiskeli hizo mwenyewe. Kampuni ya Specialized walipotoa baiskeli yao ya Roubaix mwaka 2004 waliipa jina la mbio za Paris–Roubaix, zile za barabara za mawe huko Ufaransa. Kampuni ya Trek walitoa Domane mwaka 2012, na mwaka uliofuata mshindani Fabian Cancellara akaitumia kushinda mbio za Flanders huko Ubelgiji na Paris–Roubaix, zote mbili ndani ya majira yale yale. Kumbe baiskeli inayoitwa ya starehe imezaliwa mashindanoni, kwenye barabara mbaya. Na sisi barabara zetu tunazijua.

Nilipolielewa hilo nikajua natafuta nini: fremu ambayo mbele yake iko juu kidogo, na yenye nafasi ya tairi pana. Usukani ulio juu unaweza kushushwa siku ya mashindano. Ulio chini haupandi sana, kwa sababu bomba la foku, lile linalopanda juu kushika usukani, limeshakatwa na haliungwi. Nafasi ya tairi nayo ni hivyo hivyo, fremu ikibana imebana.

Sasa kuipata. Muuzaji wa mtumba niliyemwendea alikuwa na tatu zilizonifaa kwa macho, na kwa maneno yake zote zilikuwa "saizi yako kabisa, kaka". Namba ya saizi iliyobandikwa kwenye fremu haikwambii kitu. 56 ya kampuni hii inaweza kuwa fupi au ndefu kuliko 56 ya kampuni ile. Vipimo vinavyosema ukweli ni viwili: kimo cha shingo ya fremu, lile bomba la mbele foku inamopita, kutoka usawa wa ekseli ya pedeli (ile ya katikati ya fremu) kwenda juu, na umbali wa kutoka ekseli hiyo kwenda mbele hadi shingoni. Huwezi kuvipima kwa futi peke yake maana shingo imelala. Jirani palikuwa na mafundi wanajenga, nikamwomba mwashi mmoja timazi na pimamaji.

Nikaiegemeza baiskeli ukutani, imesimama wima. Nikashusha timazi kutoka katikati ya mdomo wa juu wa shingo, nikaacha kamba itulie. Kutoka kwenye kamba hadi katikati ya ekseli ya pedeli, kwa mlalo uliowekwa sawa na pimamaji, huo ndio urefu wa mbele. Kisha nikapima kutoka sakafuni hadi mdomo wa shingo, nikatoa urefu wa kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli: hicho ndicho kimo. Muuzaji akauliza, "Unanunua baiskeli au unajenga nyumba?" Yule mwashi ndiye aliyemjibu: "Mwache mwenzio apime, bado hajalipa." Ya kwanza, iliyosifiwa kuliko zote, ilikuwa na kimo cha sentimita 56. Ya tatu ilikuwa 59. Kwa macho zilifanana kabisa. Hizo sentimita tatu ndizo zinazotenganisha mkono wenye ganzi na mkono mzima.

Halafu nafasi ya tairi. Nilikwenda na tairi ya milimita 32, tukaivalisha, nikachukua spana ya L namba 4 nikaipitisha kati ya tairi na fremu, kulia, kushoto na juu, mbele na nyuma. Ikipita bila kugusa, nafasi inatosha hata ringi ikipinda kidogo au tope likiganda. Kwenye ile ya kwanza tairi haikuzunguka kabisa. Kwenye ya tatu spana ilipita kote. Ilikuwa Cannondale Synapse ya alumini, breki za diski, imetumika ila haijaumia. Tukaelewana kwa milioni moja na ushee.

Alumini iliwasikitisha wengi. "Nzito hiyo, kaka, hutapanda." Inakaribia kilo tisa na nusu. Basi tupige hesabu: mimi na baiskeli na maji ni kama kilo 80. Kilo moja ya ziada ni asilimia 1 na robo. Kwenye mlima wa dakika 20 hiyo ni kama sekunde 15. Kwa tofauti ya bei ya kaboni natengeneza baiskeli hii miaka mingi. Kwenye tambarare uzito hata hauonekani; ukipita kilomita 30 kwa saa nguvu zako nyingi zinaliwa na upepo, na upepo huo unagonga mwili wako kuliko unavyogonga chuma. Kwa hiyo kasi ninaitafuta kwenye mkao.

Na mkao naubadilisha mwenyewe nyumbani, jioni ya kuamkia mashindano. Stemu, kile kipande kinachoshika usukani, imepinda nyuzi sita. Kwa safari ndefu inaangalia juu, na pete zote mbili za kuinulia, za sentimita moja moja, ziko chini yake. Kwa mashindano naigeuza iangalie chini, pete nazihamishia juu yake. Kugeuza kunanishusha kama sentimita mbili, pete nazo mbili, jumla nne. Baiskeli inakuwa nyingine. Kaza kwanza boliti ya juu mpaka usukani uache kucheza, ndipo ukaze za pembeni, na usizidishe: nyingi zimeandikwa nyutoni-mita 5. Alama za kurudishia nimeziweka kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu ya safari, nyeupe ya mashindano. Siti siigusi kamwe, magoti yameshaizoea. Angalia tu waya na mipira ya breki iwe mirefu ya kutosha usukani ukiwa juu.

Tairi nimebaki na za 30 kwa yote mawili, presha 65 au 70. Wako wanaosema tairi pana inachelewesha. Kwenye lami yetu iliyochanika tairi ngumu inarusharusha, na kila mrusho ni nguvu yako inayopotea. Hata Paris–Roubaix siku hizi wanatumia za 30 na zaidi.

Gia: mbele meno 50 na 34, nyuma 11 hadi 34. Nimeambiwa 50 si ya mashindano. Kwa 50 na 11, ukizungusha mara 90 kwa dakika unapita kilomita 50 kwa saa, na nani kati yetu anazimaliza hizo Usa River? Lakini ile 34 kwa 34 ndiyo inayonipandisha ukuta wa Bonde la Ufa pale juu ya Mto wa Mbu, jua likiwa utosini, nikiwa nimekaa na kuliangalia Ziwa Manyara badala ya kusukuma kwa miguu.

Ukishanunua, fundi atataka kukata bomba la foku "lipendeze". Mkatalie. Panda nayo kwanza miezi kadhaa, safari ndefu na mashindano, na hata siku utakayokubali, mwambie akuachie nafasi ya pete zote mbili.