Mark II ilivyoniserereka kona za Soni

Gari yenye difu nyuma, yaani inayosukumwa na matairi ya nyuma, kama Mark II yangu, haikuagi inapoteleza. Mkia unahama tu, na ukishtuka ukakanyaga breki ndiyo umeimaliza. Mjomba wangu, dereva wa Fuso, alinifundisha hilo kwenye kiwanja cha mpira kilicholowa: niizungushe gari makusudi mpaka mikono izoee. "Mjomba, adui yako ni huo mguu," alikuwa akiniambia.

Novemba nilikuwa nateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kwenye kona za Soni. Manyunyu ndiyo kwanza yameanza baada ya jua kali, na hapo lami huwa mbaya kuliko kwenye mvua ya kuosha, maana vumbi na mafuta yaliyodondoka yanachanganyika na maji kidogo, basi ni utelezi mtupu. Spidi 40. Kona ya kulia, bonde kushoto. Kabla macho hayajaona kitu, nikasikia makalio yanavutwa kushoto.

Breki sikuigusa. Mafuta nikayaachia taratibu, usukani nikaupeleka kushoto, kulekule mkia ulikokwenda, macho nikayakaza kwenye lami ya mbele, si kwenye bonde, kwa sababu mikono hufuata macho. Mkia ukaanza kurudi. Wengi hupindukia hapa: gari inapoanza kunyooka wanachelewa kuurudisha usukani, mkia unachapa upande wa pili kwa nguvu zaidi. Mimi niliurudisha kabla haijanyooka kabisa. Ikayumba mara moja, ikatulia. Nyuma peasi zilikuwa zinabingirika chini ya viti, mama mdogo akauliza kama tumepita jiwe.

Kwa nini breki ni hatari? Tairi linaloviringika lina msuguano mkubwa na lami kuliko lililoganda likaburuzwa. Tena ukikanyaga, uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi wakati ndiyo inayohitaji kushika. Na mshiko wa tairi ni mmoja, unagawanywa kati ya kuvuta, kusimama na kukata kona. Ukiutumia wote kusimama, wa kona haubaki. Mwendo nao unadai kwa mraba: kona ileile uliyoipita kwa 40, ukiingia kwa 60 inataka mshiko mara 2 na robo. Hiyo hesabu hakuna fundi usukani wa kuibishia, na kwenye tairi kipara ndiyo kabisa.

Mke wangu anaendesha IST, inayovutwa na matairi ya mbele, na kwake tatizo huwa pua: unakata usukani, gari inaendelea moja kwa moja. Kuongeza usukani hakusaidii. Aachie mafuta, aulegeze usukani kidogo mpaka matairi yashike, ndipo akate tena. Na akilazimika kusimama ghafla, kwa kuwa ina ABS, mfumo unaozuia matairi yasigande kwenye breki, akanyage mpaka mwisho bila kupampu. Pedali ikitetemeka mguuni asiachie, ndiyo inafanya kazi.