Kabla ya kupiga Windows upya, nilisoma mafaili ya dampu

Kompyuta ikianza kujizima ovyo na kuwaka yenyewe, dawa yake mtaani kwetu inajulikana: inapigwa Windows upya. Ikirudia, inapigwa tena. Ikiendelea, mwenye mali anaambiwa mazabodi imekufa, atafute mashine nyingine. Mimi ni fundi kompyuta hapa Dodoma na nimeona mashine nzima kabisa zikiishia stoo kwa utaratibu huo. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi Windows yenyewe inakuwa imeshaandika kilichotokea kwenye mafaili yanayoitwa dampu, ila hakuna aliyefungua faili akasoma.

Mashine ninayotaka kuieleza ni ya mama mmoja mwenye duka la steshenari karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Anachapa, anaprinti na kubaindi kazi za wanafunzi. Msimu wa kuwasilisha tafiti ukifika duka linajaa, na ni kipindi hicho hasa ambapo skrini ilikuwa inageuka bluu katikati ya kazi.

"Mwanangu, hii mashine inaniaibisha mbele ya wateja," aliniambia. "Mtoto wa watu kakaa hapo na kazi yake, anasubiri, mara skrini bluu. Na faili likifunguliwa tena, kuna wakati linagoma."

Mafundi waliotangulia walikuwa wamepiga Windows zaidi ya mara moja, wamebadilisha pawa saplai na kuweka programu ya kuua virusi. Hilo la faili kugoma kufunguka nikaliweka akilini, kwa sababu halikufanana na tatizo la pawa saplai.

Hatua ya kwanza ilikuwa kujua kama mashine inakatikiwa na umeme au Windows inajisimamisha yenyewe. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kioo mambo hayo mawili yanaweza kufanana, hasa mashine ikiwaka upya haraka. Nikafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System, nikatafuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Tukio hilo peke yake linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Siri iko ndani, kwenye mstari wa BugcheckCode. Ukikuta 0, mara nyingi umeme umekatika au mashine imeganda mtu akaizima kwa kubonyeza swichi. Kwa mama yule hapakuwa na 0. Palikuwa na 26, kwingine 80, kwingine 209. Namba hizo zimeandikwa kwa desimali. Ukizigeuza kwenda heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16, unapata 0x1A, 0x50 na 0xD1, ambazo ndizo zile zinazotokea kwenye skrini ya bluu. Kwa hiyo umeme haukuwa na kesi, na ile pawa saplai mpya ilinunuliwa bure.

Nikaenda C:\Windows\Minidump. Folda tupu.

Hapa mafundi wengi hukata tamaa, lakini folda tupu nayo ina sababu yake. Skrini ya bluu inapotokea, Windows huchukua sehemu ya kilichomo kwenye kumbukumbu, yaani RAM, na kukimwaga kwanza ndani ya faili la kurasa, lile pagefile.sys, lililoko kwenye diski ya mfumo. Mashine ikiwaka tena ndipo linatengenezwa faili la dampu. Mashine hii ilikuwa na SSD ndogo, na mtu aliyetaka kuokoa nafasi alikuwa ameliondoa faili la kurasa. Isitoshe, kulikuwa na programu ya kusafisha mashine ambayo inahesabu dampu kuwa ni takataka. Nikarudisha faili la kurasa lisimamiwe na Windows yenyewe, nikaiondoa ile programu, kisha nikaandika sysdm.cpl na kuingia kwenye mipangilio ya kuwaka na kurejea. Nikachagua dampu ndogo, nikaondoa alama ya vema kwenye kuwaka upya kiotomatiki ili maandishi ya skrini yakae mama ayapige picha kwa simu. Nikamwambia aendelee na kazi kama kawaida.

Niliporudi folda ilikuwa na mafaili kadhaa. Nikayanakili kwenye flashi. Kuna jambo nalisisitiza hapa: dampu kamili, lile faili kubwa la MEMORY.DMP, linaweza kubeba chochote kilichokuwa wazi kwenye mashine, zikiwemo nywila na kazi za wateja. Usimpe kila mtu. Dampu ndogo hubeba machache sana, na kwa uchunguzi wa kuanzia linatosha.

Kwenye laptopu yangu natumia WinDbg, programu ya bure ya Microsoft. Kabla ya kufungua faili lolote hakikisha una intaneti, kwa sababu WinDbg inahitaji simboli, yaani mafaili yanayogeuza anwani tupu za kumbukumbu kuwa majina ya fanksheni yanayosomeka. Bila simboli utaletewa majibu ya kubahatisha. Niliandika .symfix, kisha .reload, nikasubiri huku bando likipungua, halafu nikaandika amri ambayo kila mchunguzi wa dampu huanza nayo:

!analyze -v

Dampu la kwanza lilikuwa 0xD1, na likataja draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ya kadi ya mtandao. La pili 0x50, likataja win32k, sehemu ya Windows inayoshughulika na madirisha na michoro. Jingine likataja ntoskrnl.exe, keneli yenyewe, yaani kiini cha Windows. Kwenye mstari wa PROCESS_NAME napo kila faili lilikuwa na lake: mara Word, mara kivinjari, mara spoolsv, ile huduma ya kuprinti.

Ukichukua dampu moja peke yake, utabadilisha draiva ya mtandao na kuondoka. Kuna programu rahisi zaidi ya WinDbg zinazokuonyesha jina moja tu la mtuhumiwa, na nina wasiwasi nazo kwa sababu hiyo. Jina analolitaja mchambuzi ni la aliyekutwa kwenye eneo la tukio. Pengine ndiye muuaji, pengine ni mpita njia aliyeikuta maiti. Keneli hasa inasingiziwa sana, kwa kuwa karibu kila kitu kinapita mikononi mwake. Ndiyo maana siku hizi sisemi chochote kwa mteja mpaka niwe na dampu kadhaa za kulinganisha.

Niliwahi kuletewa laptopu ya mwalimu kutoka Kongwa ambayo ilikuwa kinyume kabisa: dampu zote zilikuwa na namba ileile, draiva ileile ya WiFi, na hata mfuatano wa fanksheni ulikuwa uleule. Pale kazi ilikuwa nyepesi, nikaitoa draiva, nikaweka ya mtengenezaji, basi. Tatizo la programu hupenda kujirudia kwa sura moja. Mashine ya steshenari ilikuwa inaanguka kila mara kwa sura mpya, na hilo likanielekeza kwenye vifaa, kumbukumbu yenyewe ikiwa ya kwanza.

Kisha nikafungua lile la 0x1A, MEMORY_MANAGEMENT, na hapo ndipo nilipoinuka kwenye kiti. Mistari yake ilikuwa hivi:

Arg1: 0000000000041792
Arg3: 0000002000000000
Arg4: 0000000000000000

Namba 41792 maana yake Windows imekuta ingizo lililoharibika kwenye jedwali la kurasa, lile jedwali linaloiambia prosesa ukurasa fulani wa kumbukumbu uko wapi. Arg3 na Arg4 ndicho kilichokutwa ndani ya ingizo hilo. Iangalie Arg3 kwa makini. Ni sifuri mwanzo mwisho isipokuwa 2 moja katikati. Ukiiandika kwa biti, yaani kwa tarakimu za 0 na 1 tu, ni sifuri 63 na moja 1, kwenye biti ya 37. Ingizo lililotakiwa kuwa tupu lilikuwa na biti moja iliyojiwasha. Draiva mbovu ikiandika mahali pasipo pake kwa kawaida huacha uchafu mwingi, baiti kadhaa kwa mkupuo. Biti moja kugeuka katikati ya sifuri tupu ni alama ya chipu inayoshindwa kushika ilichopewa. Dampu jingine la 41792 lilikuwa na anwani tofauti, lakini biti ni ileile.

Hata hivyo dampu ni ushahidi, si hukumu. Nikaandaa flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, ambayo inawaka kabla ya Windows. Hakuna draiva wala kirusi kinachoweza kusingiziwa pale. Nikaiacha usiku kucha ikiwa kwenye UPS. Asubuhi mistari myekundu ilikuwa imejaa, na thamani iliyotarajiwa na iliyopatikana zinatofautiana kwa biti moja.

Mashine ilikuwa na RAM mbili za GB 4. Hapa usikimbilie kununua. Vumbi la Dodoma kipindi cha kiangazi, upepo unapovuma, linaingia hadi ndani ya sloti. Nikapuliza kwa blowa, nikasugua meno ya RAM kwa ufutio, nikapima moja moja. Ya kwanza ikapita bila kosa. Ya pili ikatoa makosa. Nikaihamishia kwenye sloti ambayo mwenzake alikuwa amepita salama, ikatoa makosa palepale. Makosa yaliifuata RAM, hayakubaki na sloti, kwa hiyo mazabodi ilikuwa salama. Nikamwachia mama RAM moja nzima aendelee na wateja, mashine ikawa nzito kidogo lakini haikuanguka. Ile ya kubadilishia, ya mtumba, niliipima kwa Memtest86+ kwanza ndipo nikaifunga.

Kazi haikuishia hapo. RAM mbovu haiangushi mashine tu. Faili likipita ndani yake kuelekea diski linaweza kuhifadhiwa likiwa limeharibika, na ndiyo maana kazi za wanafunzi zilikuwa zinagoma kufunguka hata virusi visipokuwepo. Hata zile Windows zilizopigwa upya zilipigwa kupitia RAM hiyohiyo, kwa hiyo zinaweza kuwa zilianza maisha zikiwa na kasoro. Niliendesha amri za Windows za kukagua na kurekebisha: chkdsk kwenye diski, kisha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow, ambayo ilikuta mafaili ya mfumo yaliyoharibika na kuyarekebisha. Nikamshauri mama awaambie wanafunzi wake waangalie nakala walizohifadhi kwenye mashine ile, walinganishe na zilizoko kwenye barua pepe zao kabla ya kuzituma kwa wasimamizi.

Hakuna dampu jipya lililoingia kwenye folda ya Minidump tangu hapo, safari hii huku faili la kurasa likiwa limewashwa. Mama alinilipa kwa muda niliotumia kusoma, mbali na bei ya RAM, na bila kunung'unika, maana nilimwonyesha ile mistari na lile jedwali jekundu nikamweleza kila kimoja. Naona mafundi wenzangu tuzoee kutoza uchunguzi waziwazi. Tusipoutoza tutaendelea kulazimika kuuza vipuri ambavyo mteja havihitaji.

Ile RAM mbovu niliivunja kwa koleo palepale dukani. Ingebaki nzima, ingeuzwa kama mtumba na kuingia kwenye mashine ya mtu mwingine.