Picha 23 barabarani, pamoja na mchoraji wa dhahania

Tulianza kupakia gari kabla jua halijachomoza. Rangi ya akriliki, yaani rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji, haipatani na joto: hulainika hata ikiwa imekauka siku nyingi, ikaanza kunata. Baridi kali nayo huikakamaza, na ikigongwa hupasuka.

Picha zilikuwa 23. Nne ni za mchoraji mwenyewe, wa dhahania, yaani asiyechora mtu wala kitu kinachotambulika; 19 ni za watu wa mtaa aliowakusanya kwa ajili ya maonyesho ya pamoja. Zake unazitambua kwa mbali. Huzimua akriliki kwa maji mpaka iwe nyepesi, kisha huimwaga juu ya kitambaa cha pamba kisichopakwa rangi ya msingi, kikiwa kimelazwa sakafuni. Rangi hainati juu, inazama. Njia hii ya kuzamisha rangi ndiyo aliyoitumia mchoraji wa Marekani Helen Frankenthaler mwaka 1952 alipochora Mountains and Sea, ila yeye alitumia rangi ya mafuta na tapentaini. Mafuta husambaa yakaacha duara kuzunguka kila doa, na kadiri miaka inavyopita hudhoofisha kitambaa. Akriliki haina madhara hayo.

Garini picha husimama wima, hazilazwi. Uso hutazamana na uso, katikati pakiwa na kadibodi safi, na mgongo na mgongo, kwa sababu pete za kutundikia zilizo mgongoni zitakwaruza uso wa jirani. Mkanda hupita kwenye mbao za fremu, kamwe si katikati ya kitambaa. Mshale wa kuonyesha juu ni upande gani huandikwa kwa penseli kwenye mbao. Ukiuandika mgongoni mwa kitambaa, mkandamizo wa penseli utaonekana mbele. Kwa picha ya dhahania mshale huo ni wa lazima.

Tulipofungua mizigo ukumbini, picha moja ya mtaani ilikuwa imeharibika. Ilifungwa kwa plastiki ya mapovu moja kwa moja juu ya akriliki, na mapovu yakaacha vijiduara uso mzima. Karatasi laini isiyonata ingetangulia, plastiki ikafuata juu yake. Mchoraji hakuigusa wala kujaribu kuisugua. Kazi ya mtu hurekebishwa na mwenyewe. Nyingine mbili zilikuwa zimelegea. Hizo zilitengemaa kwa kugonga taratibu kabari ndogo za kwenye pembe, pigo moja kila pembe kwa zamu.

Kutundika kulichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Kitovu cha kila picha kilikaa sentimita 150 kutoka sakafuni, iwe ya mtoto au ya fundi mzoefu. Chukua 150, ongeza nusu ya kimo cha picha, toa umbali kati ya ukingo wa juu na waya uliovutwa: picha ya kimo cha sentimita 120, waya ukiwa 8 chini ya ukingo, kulabu huenda sentimita 202 kutoka sakafuni. Pimamaji huwekwa baadaye, juu ya fremu.

Nafasi kati ya picha ndipo mchoraji alipofanya kazi kama yuko kwenye kitambaa chake. Hakugawa sawasawa. Picha ya rangi nyekundu nzito aliiachia karibu mita nzima kila upande, na michoro mitatu ya penseli akaisogeza hadi sentimita 15, ikasomeka kama sentensi moja. Alipanga kwanza sakafuni, akarudi nyuma hatua kumi, akabadilisha, akarudi tena. Taa zilielekezwa kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima, vioo vya fremu visirudishe mng'ao machoni.

Picha zake nne alizitundika mwisho, kwenye korido. Ukuta wa mita 2 unaotazama mlango, ambao wengi tulidhani ni wake, akaupa picha moja tu ya rangi ya maji, ya jirani, yenye upana wa sentimita 20.