Kumbukumbu ya mradi: makaburi ya ukoo, mwezi wa tano

Jumamosi nimerudi makaburini kwa mara ya nne, na safari hii nimetoka na jambo lililobadilisha mti mzima wa ukoo. Naliandika usiku huu huu kabla halijapoa.

Jiwe la baba yake babu nililipiga picha miaka mitatu iliyopita, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Kwenye picha nikasoma mwaka wa kifo 1931, nikaandika 1931. Tangu hapo mwaka huo umeingia kila mahali: kwenye daftari, kwenye faili la ukoo, hata kwenye nakala nilizowagawia ndugu. Ila mtoto wake wa mwisho alizaliwa 1933, na hesabu ikawa haikubali. Nikamhamisha mtoto yule, nikamweka chini ya kaka wa marehemu. Shangazi alikataa tangu siku ya kwanza. "Huyo ni wa kwetu, si wa kwa baba mkubwa," alisema. Nikadhani umri umemchanganya.

Jumamosi nilikwenda saa kumi na moja jioni nikiwa na kioo kirefu cha ukutani. Mpwa wangu alikishika mita mbili pembeni mwa jiwe, akakiinamisha mpaka mwanga ukapita ubavuni, ukiuparaza uso wa jiwe badala ya kuupiga usoni. Kila mchongo ukatupa kivuli. Ile tarakimu ya mwisho ikaota kichwa: mstari mfupi uliolala upande wa kushoto, umejaa magamba ya kijivu yanayoota juu ya mawe ya zamani. Ni 7. Nilitaka kuwa na hakika, basi nikailinganisha na tarakimu ya kwanza ya mwaka uleule. Fundi aliyechonga 1 pale mwanzo aliichonga wima tupu, haina kichwa wala kitako. Asingebadilisha mkono wake ndani ya tarakimu nne. Tulihamisha kioo mara tano, picha kila upande.

Nilimpigia shangazi palepale. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsomea mwaka. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, si nilikwambia?" Nimemwomba radhi, na mtoto yule nimemrudisha kwa baba yake.

Lakini hata 1937 bado sijaipigia mhuri. Jiwe lile lile lina jina la mkewe, aliyefariki 1952, na herufi ni za mkono mmoja: upana uleule, kina kilekile, hata jinsi 9 inavyojikunja. Kwa hiyo naona jiwe zima lilichongwa baada ya kifo cha mke. Tarehe ya mume basi ni kumbukumbu ya watu miaka kumi na mitano baadaye. Tarehe ya kuzaliwa iko mbali zaidi, maana aliyeiagiza kwa fundi huenda hata hakuwepo duniani siku hiyo. Kwenye jedwali langu kila kaburi sasa lina safu tatu: jiwe linasema nini, nimeambiwa nini na nani, na rejista inasema nini. Ya tatu karibu yote ni tupu.

Kosa jingine nililorekebisha ni la mjomba wa baba aliyepotea baharini. Jina lake limo kwenye bamba la ukutani, nami nilikuwa nimelijaza kwenye BURI, alama ya maziko katika GEDCOM, muundo wa mafaili ya ukoo ya kompyuta. Hakuna aliyezikwa pale. Lango la Menin huko Ypres, Ubelgiji, lina majina ya askari zaidi ya 54,000 ambao makaburi yao hayajulikani; ukiyaandika yote kuwa maziko utakuwa umelijaza lango maiti. Bamba sasa limepata rekodi yake yenyewe, na sehemu ya maziko nimeiacha wazi.

Kuhusu usafi, wiki hii nimeulizwa na ndugu wawili kwa nini nisiyasugue mawe kwa siki au dawa ya klorini yang'ae. Marumaru na mawe ya chokaa huliwa na tindikali, na siki ni tindikali. Klorini huacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe, ikikauka inavimba na kubandua uso. Burashi ya waya inakwangua maandishi yenyewe. Natumia maji safi na burashi laini tu, na jiwe linalopukutika siligusi kabisa. Mwanzoni nilipaka chaki kwenye jiwe moja ili nisome. Najuta hadi leo, kioo kingetosha.

Mahali pa kaburi pamenisumbua zaidi ya nilivyotarajia. Nilikuwa naandika latitudo na longitudo zenye tarakimu nne baada ya nukta, na tarakimu nne ni kama mita kumi na moja. Tano zinashuka hadi mita moja hivi, lakini simu yenyewe hukosea mita tano au zaidi, na chini ya miti ni mbaya zaidi. Makaburi yetu yako mita moja na nusu kutoka moja hadi jingine! Kwa hiyo namba za simu zinamfikisha mtu kwenye safu, halafu futi kamba inammalizia: napima kutoka kona mbili za ukuta hadi kila jiwe, nachora. Pia napiga picha moja ya mbali inayoonyesha majirani, kwa sababu jiwe likianguka, majirani ndio watakaoonyesha lilipokuwa.

Hadi sasa yamekamilika makaburi 23 kati ya 41 tunayoyajua. Kati ya yaliyobaki, sita hayana alama yoyote, na anayeyajua ni shangazi peke yake. Jumamosi ijayo tunakwenda naye asubuhi kabla ya jua kali. Mpwa atabeba kiti, mimi futi kamba na vigingi. Atakapoonyesha kwa fimbo tutapima, na maneno yake nitayaandika kama atakavyoyatamka, pamoja na jina lake na tarehe.