Namba 17 na michembe ya bibi

Jumapili, usiku

Nimerudi kutoka kwa bibi, Kwimba, na mikono bado inanukia karanga. Wiki tatu zilizopita nilimpelekea viazi vitamu vya namba tatu kutoka kwenye majaribio yetu ya kutafuta aina mpya, 17, 31 na 44, kila namba kwenye kiroba chake. Nilimwomba atengeneze michembe kama anavyotengeneza miaka yote, asibadilishe kitu kwa ajili ya utafiti. Akaviacha vinyauke kivulini, akavimenya, akavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya jabali nyuma ya nyumba. Leo amepika sufuria tatu, kila moja na karanga zake za kutwanga, akaita majirani waje kuonja.

Namba 31 ndiyo kipenzi cha kituo chetu. Ukiipasua, ndani ina rangi ya chungwa iliyokolea kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na kwenye tuta inazaa mpaka udongo unapasuka. Leo imelainika yote, vipande havionekani, imekuwa rojo. Namba 17 ina nyama ya manjano hafifu na mazao yake ni ya wastani. Vipande vyake vilibaki vipande, ukiuma unasikia unga, na sufuria yake ndiyo iliyokwisha kwanza. Bibi akaonja tena namba 31, akaniambia: "Mjukuu wangu, hiki mpe mtoto akile leo leo. Usikiweke kwenye kihenge."

Kwenye basi sikuongea na mtu. Namba 17 nilishaikata kwenye daftari kwa kalamu nyekundu tulipovuna msimu uliopita. Niliikata mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu safu ya mazao ilikuwa na tarakimu ndogo na safu ya rangi ilisema "hafifu". Safu ya michembe haikuwepo.

Watu wengi hudhani kiazi kipya kinatengenezwa maabara. Kinaanzia kwenye ua. Mkulima hapandi mbegu ya kiazi, anapanda rando, na rando linampa kiazi kilekile cha mwaka jana. Ukitaka kipya lazima urudi kwenye ua, na ua lenyewe linafunguka alfajiri, kabla ya adhuhuri limeshanyauka. Kwa hiyo jioni tunavifunga vitumba vitakavyofunguka kesho kwa kipande cha mrija wa soda, nyuki wasitutangulie. Asubuhi, umande haujakauka, navua mrija, nachuma ua la baba, naondoa petali zake na kupaka chavua kwenye stigma ya ua la mama. Nafunga tena, natundika kikaratasi chenye majina ya wazazi wote wawili. Maua mengi hudondoka bila kushika. Likishika, baada ya wiki kadhaa unapata kifuko kikavu chenye mbegu moja hadi nne, nyeusi na ngumu kiasi kwamba lazima ukwaruze ganda ndipo maji yaingie.

Sehemu hii ya kazi naipenda kuliko zote. Kila mbegu ni kiazi ambacho hakijawahi kuwepo. Kiazi kitamu kina kromosomu 90, seti sita, wakati sisi binadamu tuna 46, na ndio maana ndugu wa kifuko kimoja wanaweza kutofautiana kabisa: mmoja mweupe, mmoja wa chungwa, mmoja anaotesha majani tu na chini hakuna kitu. Unaotesha maelfu, unabaki na mamia, kisha makumi, mpaka zinabaki namba chache za kupeleka kwenye mashamba ya wakulima. Kwa mtindo wa zamani safari hiyo ilichukua miaka saba au minane. Watafiti Robert Mwanga wa Uganda na Maria Andrade, mzaliwa wa Cape Verde aliyefanya kazi Msumbiji, ni miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kubadilisha hali hiyo, kwa kujaribu kizazi kilekile sehemu kadhaa kwa wakati mmoja tangu mwanzo, na miaka ikapungua hadi minne au mitano. Mwaka 2011 Msumbiji ilitoa aina 15 za viazi lishe, yaani vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, zinazovumilia ukame. Mwaka 2016 wawili hao, pamoja na Jan Low na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Aina ya Kabode, ambayo wakulima wengi wa huku kwetu wanaijua, inatoka kwenye kazi ya Uganda na ilitolewa mwaka 2007.

Sina ubishi hata kidogo na viazi lishe. Gramu 125 za kiazi cha chungwa kilichochemshwa zinamtosha mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima, na nimeshawaona watoto wanavyokigombea. Tatizo ni kwamba katika viazi vyetu rangi ya chungwa na unga havipendi kukaa nyumba moja. Kadiri chungwa linavyokolea, ndivyo maji yanavyozidi. Gramu 100 za namba 17 tulizokausha kwenye oveni zilibaki zaidi ya theluthi, za namba 31 zilibaki kama robo. Tena hiyo rangi yenyewe, karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huharibika kwa jua na kwa kukaa ghalani, kwa hiyo anayeanika kiazi lishe ili ale miezi sita baadaye anakuta sehemu kubwa ya faida imeshapotea. Bibi hajui neno karotini, lakini alichosema kuhusu kihenge ni hicho hicho.

Kwa mwokaji wa mikate, anayeponda kiazi cha kuchemsha na kukichanganya na unga wa ngano, namba 31 ni mali: tamu, laini, inaupa mkate rangi bila kuongeza kitu. Mfugaji yeye anaangalia marando, yakatwe leo yachipue tena upesi. Mama wa mboga anataka matembele yasiyo na uchungu. Japani walikwenda mbali zaidi. Aina yao ya Koganesengan, ya miaka ya 1960, ilitafutwa kwa ajili ya wanga mwingi, na leo ndiyo inayotegemewa kutengeneza pombe ya shochu kule Kagoshima. Ayamurasaki, ya zambarau, walilenga rangi yake ya kutia kwenye vyakula. Huko hakuna anayedai kiazi kimoja kifanye yote. Sisi tuliweka mizani moja mlangoni, na kila kiazi kikapimwa kwa hiyo.

Ninachoweza kukubali kuwa mizani ya wote ni virusi. Huku Kanda ya Ziwa, nzi weupe na vidukari wakishaleta virusi vyao viwili kwenye mmea mmoja, majani yanajikunja, shina linadumaa, chini unavuna vidole. Namba isiyovumilia hilo haina pa kwenda hata ikipikwa na bibi. Namba 17 imekaa misimu miwili bila kudumaa. Nimerudia kurasa za daftari usiku huu kuhakikisha.

Jioni nimempigia kiongozi wetu wa majaribio. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama marando ya 17 bado yapo. Yapo, tuta moja na nusu, upande wa bondeni, yameota yenyewe kutoka kwenye mabaki ya mavuno. Ng'ombe wa jirani hupita pale kila asubuhi wakienda kunywa maji. Nimeweka kengele saa kumi na moja. Nitakata ncha za sentimita 30, na fungu la kwanza litapanda basi la kwenda Kwimba.